Madawati Yaliyofutwa Vumbi

Siku hizi safari za makanisa kwenda Uturuki zimekuwa nyingi, na wengi wenu ama mmekwenda, ama mmeonyeshwa picha na waliokwenda. Ratiba zake zinafanana. Mnatua Istanbul, mnapanda basi kwenda Efeso, mnayazunguka makanisa saba ya kitabu cha Ufunuo, mnarudi Istanbul kununua zawadi, kisha nyumbani. Sitaandika juu ya Efeso, kwa maana walioandika ni wengi na wanaijua kuliko mimi. Nitaandika juu ya siku moja ya nyongeza, ambayo haikuwamo katika ratiba na tuliilipia pembeni, tulipopanda boti asubuhi kwenda kwenye visiwa visivyo na magari katika Bahari ya Marmara.

Ilikuwa Mei 2018. Tulikuwa watu 22 kutoka sharika mbalimbali za Tanzania. Alikuwapo mchungaji mstaafu, walikuwapo akina mama wa kwaya, na kijana mmoja mhasibu wa Dar es Salaam aliyelipiwa safari na mama yake na hakuficha kwamba yeye angependelea Dubai. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa milima ya Usambara, kwa hiyo safari nzima waliniita Mwalimu.

Inafaa niseme nilikuwa nimebeba nini moyoni, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini siku ile ilinishika. Usharika wetu una mitaa minne. Mtaa wa juu kabisa, ule unaofikiwa kwa pikipiki wakati wa kiangazi na kwa miguu wakati wa masika, ndipo nilipobatizwa. Kanisa lake ni dogo, la mawe, na lina kengele iliyoletwa na wamisionari Wajerumani. Utotoni kwangu watu walikaa hadi nje, chini ya mti. Lakini vijana wameshuka Tanga, Mombo na Dar es Salaam, na wanaorudi hurudi ndani ya jeneza. Jumapili ya mwisho kabla ya safari nilihesabu waumini 19, nami nikiwamo. Mwinjilisti alikuwa amestaafu na usharika haukuwa na fedha ya kumlipa mwingine.

Basi baraza la wazee lilikuwa na hoja mezani. Mtaa ufungwe, waumini washuke kusali kwenye kanisa kubwa la barabarani, mabenchi na kengele vihamishwe, na jengo lipangishwe liwe ghala la viazi. Hoja haikuwa ya uadui. Aliyeileta ni mtu ninayemheshimu, na hesabu zake hazikuwa na kosa. Kura ilikuwa ipigwe Juni. Mjumbe wa mtaa ule nilikuwa mimi, na wajumbe kadhaa walikwisha kuniambia waziwazi kwamba upande nitakaoelekea ndio nao wataelekea.

Na kwa siku sita tulikuwa tumetembea katika makanisa yasiyo na watu. Kwa hakika hiyo ndiyo habari ya makanisa saba ukiyaendea kwa basi. Smirna bado ni mji mkubwa, unaitwa Izmir, lakini Laodikia ni nguzo na majani, na Sardi vilevile. Mtembeza watalii anakuonyesha palipokuwa na madhabahu, unapiga picha, jua linachoma, mnarudi kwenye basi. Wenzangu waliimba, nami niliimba. Ila pale Laodikia nilibaki nyuma kidogo, nikawa najiuliza ni nani aliyefunga mlango siku ile watu wa mwisho walipoondoka, na kama alijua kwamba ni mara ya mwisho.

Ndivyo nilivyofika kwenye boti.

Tuliondokea bandari ndogo iitwayo Kabataş. Msidhani ni boti ya kifahari. Ni usafiri wa watu wa mji, kama pantoni yetu ya Kigamboni, isipokuwa haibebi magari na ndani kuna mabenchi ya kukaa na mtu anayepita na sinia la chai. Chai yenyewe ni ya rangi, katika vibilauri vidogo visivyo na mkono, na unakula na mkate wa duara uliopakwa ufuta, uitwao simit. Watu wanawarushia shakwe vipande vya mkate, nao shakwe wanaifuata boti mwendo mzima wakidaka hewani. Mama mmoja wa Mwanza, aliyepoteza ndugu katika MV Bukoba mwaka 1996, alikataa kuingia ndani. Alikaa kwenye benchi la nje karibu na maboya, mkono wake umeshika chuma. Sisi watatu tukakaa naye, na kwa ajili yake tukauona mji wote ukibaki nyuma, na kuba la Hagia Sophia likipungua taratibu. Baba Mchungaji akatukumbusha kwamba Imani ya Nikea tunayoikiri siku za sikukuu ilikamilishwa katika mji huu, kwenye mtaguso wa mwaka 381. Yule kijana mhasibu akauliza kama walikubaliana mara moja. Baba Mchungaji akacheka sana.

Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi hadi kisiwa cha mwisho. Visiwa vyenyewe ni tisa, lakini boti inasimama kwenye vinne tu: Kınalıada, Burgazada, Heybeliada na Büyükada. Kwa lugha za Ulaya vinaitwa Visiwa vya Wana wa Wafalme, na jina zuri hilo linaficha jambo baya. Wana wa wafalme hawakwenda kupumzika. Walipelekwa huko na ndugu zao waliowanyang'anya kiti, wakanyolewa na kufungiwa katika nyumba za watawa, na wengine walitobolewa macho kwanza ili wasiweze kutawala tena. Kaisari Romanos wa Nne alifia katika kisiwa cha kwanza mwaka 1072, vidonda vya macho vikiwa vibichi. Malkia Irene, ambaye chini ya utawala wake ulifanyika mtaguso wa pili wa Nikea mwaka 787, alipinduliwa mwaka 802 akapelekwa katika nyumba ya watawa aliyoijenga mwenyewe kwenye kisiwa kikubwa. Naye, kabla ya hapo, alikuwa amemtoboa macho mwanawe mwenyewe. Sikujua niwahurumie akina nani. Nilimfikiria Yohana kule Patmo, kwamba dola zinapenda sana kuwaweka watu visiwani, na Mungu naye hana shida kuwapata huko.

Tulishukia kwanza Heybeliada. Mwenyeji wetu siku hiyo alikuwa dada wa Kituruki, mtembeza watalii wa miaka thelathini hivi, Mwislamu, mpole, Kiingereza chake ni cha kusikika vizuri, na mmoja wetu alitafsiri kwa wale waliohitaji. Akatuambia tusimame gatini tusikilize. Tukasimama. Hakuna injini. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi visiwani humo, ni ya huduma tu, kama zimamoto na wagonjwa. Tulisikia kengele za baiskeli, kwato za farasi, mtu anaita paka. Sisi tuliotoka Istanbul, ambako basi letu lilikaa foleni asubuhi nzima, tulihisi kama mtu ametuondolea mzigo kichwani. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Sasa hapa hata ukiomba kimoyomoyo unasikika."

Kisha tukapanda kilima. Kinaitwa Ümit Tepesi, maana yake Kilima cha Tumaini, na juu yake, katikati ya misonobari, kuna chuo cha theolojia cha Waorthodoksi wa Kigiriki, kinachojulikana kwa jina la zamani la kisiwa: Halki. Waorthodoksi kwetu tunawasikia zaidi kule Bukoba, wengi wa milimani hatujawahi kuingia ibadani kwao. Mahali hapo palikuwa na nyumba ya watawa ya Utatu Mtakatifu tangu nyakati za kale. Chuo kilianzishwa mwaka 1844. Tetemeko la ardhi la mwaka 1894 liliyaangusha majengo, na mwaka 1896 kikafunguliwa upya katika jengo lililopo leo. Viongozi wengi wa Kanisa lao walitoka hapo, akiwemo Patriaki Bartholomew, aliyekalia kiti cha Konstantinopoli tangu 1991.

Mwaka 1971 sheria ya nchi iliagiza kwamba elimu ya juu yote ya watu binafsi iwe chini ya serikali. Chuo hakikuweza kukubali kuandaa mapadre chini ya serikali, kikafungwa. Tangu mwaka huo hakuna mwanafunzi aliyesoma theolojia hapo. Marais wa nchi kubwa wamelizungumzia, mapatriaki wamelizungumzia, na mpaka siku tuliyofika lilikuwa halijapata jibu.

Nilitarajia gofu. Ndicho kitu nilichokuwa nimezoea kwa siku sita. Mtawa mmoja mzee alitufungulia mlango, akatupitisha kanisani kwanza, kisha kwenye korido ndefu yenye sakafu inayong'aa. Akafungua darasa.

Ndugu zangu, nimefundisha miaka 36. Najua darasa lililoachwa linavyokuwa. Najua harufu yake, najua popo, najua ubao ulioandikwa upuuzi na watoto waliopita dirishani. Hili halikuwa hivyo. Madawati ya mbao yamepangwa mistari iliyonyooka. Ubao umefutwa. Meza ya mwalimu ipo, kiti kimesogezwa ndani. Nilipitisha kidole juu ya dawati la mbele, kwa tabia ya ualimu tu, kama nilivyokuwa nikikagua usafi wa zamu. Kidole kilitoka safi.

Nikamwuliza kwa kupitia mkalimani: nani anafuta vumbi humu? Akasema wapo watu wa usafi, na yeye pia huwa anafuta. Nikauliza, mara ngapi? Alinitazama kana kwamba sikuelewa swali langu mwenyewe. Akasema, kama darasa lolote.

Tulionyeshwa na maktaba, vitabu maelfu kwa maelfu, vingine vya kale sana, na bustani iliyopaliliwa. Wenzangu walitoka kupiga picha za bahari. Mimi niliomba nirudi darasani kidogo, nikakaa kwenye dawati la tatu. Sikuomba kwa maneno. Nilifikiria tu hesabu: kutoka 1971 hadi 2018 ni miaka 47. Mtu aliyelifuta vumbi lile kwa mara ya kwanza, akiwa kijana, akiamini kwamba muhula ujao watafungua, sasa ni mzee au amekufa, na mwingine amechukua kitambaa.

Wakati wa kuteremka, yule kijana mhasibu akawa karibu nami. Akasema, "Mwalimu, samahani, lakini mimi naona hiyo ni gharama isiyo na matokeo. Miaka karibu hamsini mnalipa usafi, umeme, paa, mwanafunzi sifuri. Kampuni ingekuwa imeshakufa." Sikumkasirikia, maana alisema kwa heshima, na tena alikuwa anasema maneno yaleyale ya hoja yetu ya mtaani, kama vile ameisoma. Baba Mchungaji alikuwa nyuma yetu akipumua kwa nguvu, ana fimbo. Akamwuliza kijana kama anamkumbuka Yeremia alipokuwa kifungoni na Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, akanunua shamba Anathothi. "Shamba liko upande wa adui," akasema, "na yeye analipa shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri, na hati inawekwa kwenye chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Wewe kama mhasibu wake ungemshauri nini?" Kijana akajibu haraka, "Ningemshauri asinunue, Baba." Tukacheka sote. Lakini baadaye, kwenye boti fupi ya kwenda kisiwa cha pili, nilimwona kijana amefungua Biblia ya kwenye simu, anaitafuta sura yenyewe.

Baba Mchungaji alituambia jambo lingine ambalo sikulijua, na naliweka hapa kwa ajili ya Walutheri wenzangu. Katika miaka ya 1570, walimu wa Kilutheri wa Tübingen huko Ujerumani waliwaandikia Wagiriki hawa wa Konstantinopoli, wakampelekea Patriaki Jeremia wa Pili Ungamo la Augsburg lililotafsiriwa Kigiriki. Waliandikiana miaka kadhaa. Hawakukubaliana katika mengi, na mwisho Patriaki aliwaomba wasimwandikie tena juu ya mafundisho, ila wakipenda waandike kwa urafiki. Mimi napenda sana habari hiyo. Barua zilizokwama zimewahi kuleta ubaya mkubwa kuliko huo kati ya Wakristo.

Kisiwa cha pili, Büyükada, ni kikubwa zaidi na kina watu wengi. Hapo ndipo tulipokula samaki, na hapo nilisikitishwa na farasi. Wakati ule mikokoteni ya abiria ilivutwa na farasi, na wengi walikuwa wamechoka, mbavu zinaonekana. Nimesoma baadaye kwamba ugonjwa uliwaingia, wengi wakauawa, na mwaka 2020 mikokoteni hiyo ikaondolewa, ikaletwa magari madogo ya umeme. Sijui kimya cha kisiwa kikoje sasa, lakini kwa ajili ya farasi nimefurahi.

Tulitembea. Njiani dada wetu alitusimamisha mbele ya uzio. Ndani yake, kati ya miti, lilisimama jengo la mbao ambalo sijawahi kuona mfano wake, ghorofa juu ya ghorofa, madirisha mamia, mbao zimekuwa nyeusi, sehemu za paa zimeanguka. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1890 liwe hoteli, lakini Sultani hakutoa kibali. Mwaka 1903 mjane wa tajiri mmoja wa Kigiriki alilinunua akalitoa kwa Patriaki liwe nyumba ya yatima. Yatima walikaa humo hadi 1964, lilipofungwa. Kanisa lilinyang'anywa, likaenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, likashinda, na mwaka 2010 likarudishiwa hati. Watu wanasema ndilo jengo kubwa kuliko yote ya mbao katika Ulaya.

Hati wanayo. Jengo linaanguka. Nilisimama pale kwenye uzio muda mrefu kuliko pale darasani, kama niseme kweli. Si kwamba nawalaumu wenyewe; Wagiriki wa Istanbul, waliokuwa zaidi ya laki moja karne iliyopita, wamebaki elfu chache, na fedha za kutengeneza dubwana kama lile si za elfu chache. Ila nililinganisha. Yote mawili yalifungwa kwa nguvu, yote ni ya Kanisa lilelile, na hakuna lenye watoto ndani yake. Kule kuna mtu anayeingia asubuhi na kitambaa. Hapa kuna uzio. Nikaanza kuona kwamba swali tulilokuwa tumejiwekea kule nyumbani, la kufunga au kutofunga, halikuwa limekaa sawasawa. Wale watu wa mtaa wangu waliokuwa wakilia "kanisa la babu zetu lisiguswe" hawakuwa na mpango wowote wa kulifungua Jumapili. Walitaka liwepo tu, kama kaburi zuri.

Baada ya hapo tulipanda mlima wa Aya Yorgi, yaani Mtakatifu Joji. Njia ni ya mawe, imesimama, na kilele kiko mita 200 hivi juu ya bahari. Mama wa Mwanza alibaki chini na chai yake. Sisi wengine tulipanda, na njia nzima pembeni tuliona nyuzi. Nyuzi za kushonea, nyekundu, nyeupe, kijani, zimezungushwa vichakani kutoka chini hadi juu, nyingine zimekatika na kupauka. Dada akatueleza. Kila mwaka tarehe 23 Aprili, na tena tarehe 24 Septemba, watu kwa maelfu wanapanda hapa kuomba. Wengine wanapanda bila viatu. Wengine hawasemi neno kutoka chini mpaka juu. Anayetaka anafunga uzi wake chini na kuukunjua njia nzima akipanda, akiomba usikatike. Tulizokuwa tunaziona ni za mwezi uliopita.

"Wagiriki wote hao wametoka wapi?" akauliza mama mmoja. Dada akatabasamu. "Wengi ni Waislamu," akasema. "Ni sisi."

Akasema kwamba mama yake alimleta mwaka aliofanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Walipanda kimya, yeye akiwa na aibu asije akaonwa na rafiki zake. Wakawasha mshumaa, wakateremka. Tukamwuliza kama alifaulu. Akasema alifaulu, lakini si chuo alichotaka, na ndiyo maana anatembeza watalii.

Kuna ndugu katika kundi letu waliokunja uso juu ya zile nyuzi, na siwezi kusema hawakuwa na sababu. Sisi tumefundishwa kwamba maombi hayategemei uzi wala miguu mitupu, na naamini hivyo. Lakini nilipokuwa nikipanda, goti langu la kushoto likilalamika, nilimkumbuka yule akida wa Kirumi wa Kapernaumu, na yule mama wa Tiro aliyeomba kwa ajili ya binti yake. Wote wawili walikuja kwa Yesu kutoka nje ya nyumba, na hakuwauliza kwanza wanasali wapi. Kanisa la juu ni dogo. Linanukia nta. Lilikuwa wazi, na mlinzi wa mishumaa alikuwapo, na wakati tunaingia walikuwa wanatoka wanawake watatu wenye mitandio, mmoja amelia. Waumini wenyewe wa kanisa lile pengine hawajazi mabenchi. Lakini kama mtu angefanya hesabu zetu, akafunga, akaweka viazi, wale wanawake watatu siku ile wangekuta kufuli.

Tulirudi na boti ya jioni. Wengi walilala. Mimi nilikaa na mama wa Mwanza, na hatukuongea sana.

Kikao cha baraza kilikuwa Jumamosi ya pili ya Juni. Niliruhusiwa kusema, nikasimulia habari ya madawati kwa ufupi, maana wazee wa kwetu hawapendi hadithi za ndege. Kisha nikasema mambo mawili ambayo hayakuwafurahisha watu wa pande zote mbili. La kwanza, kwamba sitapiga kura ya kulifunga kanisa. La pili, kwamba kama hakuna atakayelifungua kila Jumapili, kulifagia kila Jumamosi na kupiga kengele hata wakija watu watatu, basi nitapiga kura lipangishwe mara moja, kwa kuwa sioni faida ya uzio. Nikaomba majina. Palikuwa na kimya kirefu. Mzee mmoja ambaye sikumtarajia, mkimya, mfuga nyuki, akanyoosha mkono, akasema yeye anaweza Jumamosi. Kisha mama mmoja wa kwaya. Kisha nikaandika jina langu mimi. Tukapata saba. Baraza likatupa mwaka mmoja, bila fedha ya usharika, na mchungaji akakubali kupanda mara moja kwa mwezi kwa ajili ya Meza ya Bwana.

Mwaka ule ulikwisha, tukaongezewa mwingine, na sasa hakuna anayehesabu. Msije mkadhani ninawapa ushuhuda wa uamsho. Jumapili iliyopita tulikuwa 24. Watatu kati ya wale saba wamelala. Mfuga nyuki bado anafagia, na sasa anakuja na mjukuu wake wa kike, ambaye anafagia vizuri kuliko yeye na ana maoni yake juu ya mahali pa kuweka maua. Viazi vimepata ghala kwingine. Siku za kazi mlango unakaa wazi mchana, na wanafunzi wa shule ya msingi ya jirani, Wakristo na Waislamu, wanaingia kusoma kwa sababu kuna mabenchi na kuna utulivu. Mmoja aliniuliza kama ni lazima avue viatu. Nikamwambia hapana, ila afute matope.

Paa lilianza kuvuja masika ya mwaka jana. Niliandika habari hiyo katika kundi letu la simu la wasafiri wa Uturuki, bila kuomba kitu, kati ya salamu na picha za wajukuu. Baada ya siku nne nilipigiwa simu na mtu wa lori kule Mombo, akaniambia ana bati 14 zenye jina langu. Usiku ukaingia ujumbe kutoka kwa yule kijana mhasibu: "Shikamoo Mwalimu. Bati ni za geji 28. Zitatosha upande wa kaskazini?" Nilimjibu kwamba marahaba, zimefika, na kwamba upande unaovuja ni wa mashariki.